Shukuru Binti Nani?

Mtaa mzima wa Bertrams, Johannesburg, hakukuwa na mtu anayewajua Wamarekani waliokufa kama Hyasinta. Walio hai alimjua mmoja tu. Lakini waliokufa, weee! Muulize nani aligombana na jirani mwaka 1726 kwa sababu ya nguruwe, muulize nani alioa mke wa pili kabla udongo wa kaburi la wa kwanza haujakauka, angekutajia mpaka majina ya mashahidi, huku anatafuna magwinya, yale maandazi ya Kisauzi, ya moto na mafuta yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Ndiyo kazi yake. Chuo alisomea mambo ya nyaraka na kumbukumbu, na kampuni moja ya mtandaoni inayowatafutia watu koo zao ilimpa faili ambalo wenzake wote walilikwepa kama zamu ya kuosha masufuria: faili la ukoo wa Wadlow. Kurasa elfu moja na mia moja! Zote picha za karatasi kuukuu alizokusanya marehemu mjomba wa Bibi Winifred Wadlow kwa miaka arobaini. Rejesta za ubatizo, wosia, hati za mashamba, kesi za mahakamani, mpaka mawe ya makaburi yaliyoota ukungu. Hyasinta alizigawa kwenye mafolda matatu. La kwanza aliliita NI WAO. La pili, SI WAO. La tatu, lililonenepa kuliko yote, MUNGU ANAJUA.

Ofisi yake ilikuwa kona ya meza ya kukatia vitambaa, chumba cha mbele cha nyumba yao, hatua chache kutoka uwanja wa Ellis Park. Meza yenyewe ya mama yake, Paulina, fundi cherehani mzaliwa wa Ifakara, aliyeolewa na Msauzi aliyekulia ukimbizini Morogoro na kumfuata mpaka huku. Kwa hiyo Wamarekani wa miaka mia tatu iliyopita waliishi humo humo na vipande vya vitenge, chaki na nguo za watu zinazosubiri pindo. Mama akawazoea. Majina yao yalimshinda kutamka, lakini siku alipotafsiriwa maana yake alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani.

"Patience si ndiyo Subira?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyu Mercy ni Rehema. Thankful ni Shukuru. Kumbe watu wa kawaida kabisa! Mimi nilidhani Wazungu wote wana majina ya sabuni."

"Kuna mwingine hapa anaitwa Experience."

"Ndo nini?"

"Uzoefu."

Mama alitoa pini mdomoni. "Mtoto kazaliwa leo, ana uzoefu wa nini?"

Sasa tatizo lilikuwa huyo Shukuru.

Bibi Winifred, miaka themanini na mitatu, alitaka kitu kimoja tu kabla hajafumba macho: kuingia kwenye chama cha wazao wa familia za kwanza za bonde lao. Chama kina kamati, kamati ina miwani. Na kina sheria: ukoo mmoja unaruhusiwa kuomba mara tatu. Mjomba aliomba mara mbili, akakataliwa mara mbili, akafa na hasira zake. Hii ilikuwa ya tatu. Wakikataa, faili linafungwa moja kwa moja, hata ufufuke. Kamati inakaa Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mnyororo wenyewe ulikuwa mzima, sharp kabisa, kutoka kwa Bibi Winifred kurudi nyuma mpaka kwa Nathan Wadlow wa kijiji cha Harrow Neck, mume wa Shukuru. Ila akina Wadlow walifika bondeni wamechelewa, wageni tu. Wa kwanza walikuwa akina Pelby. Gideon Pelby ndiye aliyekuja na shoka na ng'ombe wawili akaanzisha kijiji cha Saltwick. Mjomba aliapa kwamba Shukuru ni binti wa Gideon, na kwamba kwa njia hiyo wao ni damu ya mwanzilishi. Lakini ushahidi uko wapi? Ukurasa wa ndoa umeandikwa "Nathan Wadlow na Thankful", halafu tundu. Panya wamekula jina la baba. Wosia wa Gideon nao unamtaja mke wake Mehitable, unataja kitanda, unataja ng'ombe, halafu unasema "na mabinti zangu".

"Mabinti zangu!" Mama aliwahi kufoka. "Baba gani hataji majina? Baba yangu mimi alitaja mpaka mbuzi."

Saa kumi jioni, kule kwao saa nne asubuhi, Bibi Winifred alipiga simu ya video kama kila Jumanne. Nywele nyeupe pee, sweta la bluu, paka kichwani mwa kochi.

"Shikamoo, mama!" aliita Mama Hyasinta kutoka kwenye cherehani.

"Marahaba, Paulina!" alijibu yule bibi, tena vizuri tu, kama mtu wa Mahenge. Alijifunza neno hilo wiki ile ya kwanza, Mama aliposikia kwamba Shukuru alizika watoto watatu katika majira mamoja ya baridi, mwaka 1748. Mama alimlazimisha Hyasinta atoe pole. Hyasinta aliona haya, ndiyo, lakini akatoa. Bibi Winifred akasema katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumpa pole kwa ajili ya watoto wale, na akashukuru.

"Umepata chochote, mpenzi?" aliuliza sasa.

"Bado, Bibi. Lakini nina siku mbili."

"Usijichoshe. Mjomba alikuwa na miaka arobaini." Akatabasamu, lakini Hyasinta aliona mlangoni nyuma yake limetundikwa gauni la rangi ya zambarau, jipya, bado lina kikaratasi cha dukani. Gauni la Alhamisi. Simu ilipokatika, Hyasinta aliegemeza paji la uso juu ya meza, katikati ya chaki.

"Mama, ameshanunua gauni."

"Nimeliona. Mabega hayajakaa."

Hapo ndipo akaingia Mama Parfait. Marcelline kwa jina la ubatizo, Mkongomani wa Lubumbashi, msusi mwenye saluni ng'ambo ya barabara. Alikuja kuazima uzi mweusi, na uzi mweusi kwa Mama Parfait huchukua nusu saa kupatikana hata ukiwa mkononi.

"Mama Hyasinta, uko na uzi? Na huyu mutoto, banamupiga?"

"Analia kwa ajili ya Shukuru."

"Yule wa panya? Bado hamujapata baba yake?" Mama Parfait aliketi juu ya furushi la mitumba ya kurekebisha. "Miye nilisema, muulize ndugu zake."

"Wamekufa miaka mia mbili na hamsini, Mama Parfait," alisema Hyasinta bila kuinua uso.

"Ah, basi. Pole."

Na kama vile siku haijajaa, simu ya Hyasinta ikatetemeka. Ujumbe kutoka ofisi ya vitambulisho: alete tena cheti chake cha kuzaliwa cha Tanzania, kilichotafsiriwa na kupigwa mhuri. Tena! Hii ilikuwa mara ya nne tangu amalize shule. Alirukwa na akili.

"Eish, mama! Hivi kwa nini hukunizalia hapa hapa? Baba ni wa Soweto. Hospitali zimejaa. Ungetembea tu mpaka barabarani, ungevuka taa za robot, ungenizaa. Lakini wewe ukapanda basi na tumbo la miezi saba! Siku nne! Harare, Lusaka, Tunduma, mpaka Ifakara! Sasa mimi kila dirisha la kila ofisi naulizwa kama ni mimi kweli."

Mama alisimamisha cherehani. Huwa hasimamishi cherehani kwa mambo madogo.

"Hebu sikiliza, wewe mtoto. Ulitaka nikuzalie hapa na nani? Na baba yako? Angenikanda baba yako? Angenipikia uji wa pilipili manga? Mtoto wa kwanza anazaliwa kwa bibi yake, mzaa mama. Ukishazaa wa kwanza ukajua kunavyouma, huyo wa pili zalia popote, hata kwenye foleni. Ndugu zako si nimewazaa hapa hapa? Lakini wa kwanza unakwenda kwenu."

"Kwetu pia njo vile," alidakia Mama Parfait. "Mutoto wa kwanza, unaendaka kwa mama yako. Bwana anabakia na sufuria zake. Miye Parfait nilimuzaa kwa mama, tena bwana alinifwata na analia."

"Nani angenikanda?" alirudia Mama, sasa akimwambia Mama Parfait, kwa kuwa ameona ana shahidi.

Hyasinta alikuwa amefungua mdomo ajibu. Mdomo ukabaki wazi.

"Mama," alisema polepole. "Josiah ni wa kwanza."

"Josiah yupi?"

"Mtoto wa Shukuru! Amezaa watoto tisa. Wanane ubatizo wao nimeupata Harrow Neck, kwa mume, wote wamepangana kama vikombe kabatini. Josiah peke yake ndiye hayumo. Wote walisema ukurasa umepotea. Mjomba alisema umepotea, mimi nilisema umepotea. Mama, haujapotea! Hakubatizwa kule! Shukuru alikwenda kwao!"

"Sasa miaka yote hiyo walikuwa wanamtafuta kwa mume?" Mama alishangaa kabisa. "Wa kwanza? Hawa watu wamesoma wapi?"

Chuo, mama, chuo. Hyasinta aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, kwa sababu alikumbuka kitu. Wiki ya kwanza alikutana na rejesta ya kanisa la Saltwick, mwaka 1739, na humo kulikuwa na mtoto Josiah. Akasema, ah, Saltwick ni maili arobaini kutoka Harrow Neck, huyu Josiah wa watu wengine. Hakusoma mstari mpaka mwisho. Kwa mkono wake mwenyewe akamtupa kwenye folda la SI WAO.

Akalifungua. Kurasa mia tatu na kumi. Akaanza kuzipekua mbio, Mama nyuma yake, Mama Parfait nyuma ya Mama, pumzi za watu wawili shingoni. Ukurasa wa themanini, mbuzi kapotea. Wa mia moja na ishirini, mlevi kapigwa faini. Wa mia moja na tisini, "Kanisa la Saltwick, 1739"...

Umeme ukakatika.

"Aaaah!" walilia wote watatu, na mtaa mzima ukalia nao, kila nyumba kwa sababu zake.

Laptop ilikuwa na betri inayokaa na chaji kama mtoto anavyokaa na siri. Asilimia sita. Tano.

"Kwangu iko betri ya kukaushia nywele!" alipiga kelele Mama Parfait. "Twende, twende!"

Jamani, laiti ungewaona. Hyasinta mbele amebeba laptop wazi kama sinia la keki, Mama nyuma na waya, sentimita ya kupimia inapepea shingoni, Mama Parfait katikati ya barabara amenyoosha mikono miwili kusimamisha teksi. Teksi ikasimama, tena dereva akavua kofia, nadhani alifikiri kuna msiba. Saluni kulikuwa na mteja, Lerato, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima.

"Mmeshinda lotto?" aliuliza kwa Kizulu.

"Tunatafuta mutoto!" alijibu Mama Parfait, na Lerato naye akainuka na kuja kutafuta.

Asilimia mbili, waya ukaingia. Hyasinta alivuta picha, akaikuza. Mwandiko wa yule mchungaji ulikuwa kama buibui aliyekunywa, lakini miezi mitatu ya faili hili ilikuwa imemzoeza. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akasoma kwa sauti, na sauti haikuwa yake.

"Josiah, mtoto wa Nathan Wadlow wa Harrow Neck na Thankful mke wake. Amebatizwa kwa dhamana ya bibi yake, mjane Mehitable Pelby."

Lerato akauliza hivyo ni vizuri au vibaya.

"Mehitable Pelby," alisema Hyasinta. "Mke wa Gideon! Yule wa kwenye wosia! Kanisa lao lilikuwa halibatizi mtoto mpaka awepo mshirika kamili wa kusimama naye. Wazazi bado walikuwa vijana, hawajapokelewa. Bibi akasimama!"

"Kama sisi tu," alisema Mama. "Huna barua ya jumuiya, padri hakubatizii. Si bibi yako ndiye alikwenda kuifuata barua yako, na mguu wake mbovu?"

Halafu ndiyo ikawa kelele. Mama Parfait alipiga vigelegele vya Lubumbashi, Mama akajibu vya Ifakara, Hyasinta akaruka mpaka akagonga mashine ya kukaushia nywele, na Lerato, nusu kichwa, akacheza kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwahi kumsikia mpaka dakika nne zilizopita.

Alhamisi, saa kumi kamili, umeme upo, Hyasinta kavaa blauzi ya kitenge juu na suruali ya kulalia chini, maana kamera haishuki huko. Bibi Winifred aliisimamisha simu yake juu ya meza ya kamati ili Hyasinta aeleze mwenyewe. Walikuwa watatu: mwenyekiti mwenye miwani, mzee mwingine mwenye miwani, na katibu, bibi mkavu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Pembeni ya picha likaonekana bega moja la zambarau. Kweli halijakaa.

Mwenyekiti aliusoma ukurasa mara mbili. Akaguna.

"Inavutia," alisema. "Lakini binti, kuna jambo. Harrow Neck mpaka Saltwick ni maili arobaini. Ilikuwa mwezi Machi, matope matupu. Mwanamke mjamzito anaachaje nyumba yake na mume wake akasafiri namna hiyo? Je, hatuna hapa Nathan na Thankful wengine?"

Hyasinta alikuwa ameandaa hoja sita. Alizipanga, akazipigia mstari. Sasa alizitafuta kichwani, hakuna hata moja, zote zimekimbia kama kuku wameona mwewe. Aliliona lile bega la zambarau likishuka kidogo.

"Anasema nini?" alinong'ona Mama kutoka upande wa cherehani.

"Anauliza kwa nini Shukuru alisafiri."

"Mwambie, nani angemkanda?"

"Mama, shhh."

"Mwambie!"

Basi Hyasinta akamwambia. Alimweleza mwenyekiti wa kamati kuhusu kukandwa na maji ya moto, na uji wa pilipili manga, na mume anayebaki na sufuria zake. Halafu akavuta droo ya vifungo, akatoa kile cheti, kilichokunjwa na kukunjuliwa mpaka kimelegea kama kitambaa, akakisogeza karibu na kamera.

"Hiki ni changu. Baba yangu ni wa Soweto. Nyumba yetu ipo hapa Johannesburg. Lakini tazama mahali pa kuzaliwa: Ifakara. Kilomita elfu tatu. Mama yangu alipanda basi siku nne, na tumbo. Wadogo zangu wote wamezaliwa hapa, mimi peke yangu nimezaliwa kule, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza. Mtu akisoma karatasi zetu baada ya miaka mia tatu atasema Hyasinta si wa nyumba hii, huyu ni mtoto wa watu wengine. Atanitupa." Akakishusha cheti. "Mimi mwenyewe nilimtupa Josiah hivyo hivyo. Lakini ni wa nyumba hii, mzee. Bibi yake amesimama pale na jina lake kamili. Na miezi miwili baadaye Shukuru amerudi Harrow Neck, jina lake limo kwenye orodha ya waliopokelewa kanisani. Hakupotea. Alikwenda kwao kuzaa, akapumzika, akarudi."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Yule mzee mwingine akamtazama katibu. Katibu alikuwa ameshika kalamu na haiandiki.

"Mama yangu," alisema katibu, "alinizaa kwa bibi yangu. Baba alikasirika mwaka mzima. Sikuwahi kujiuliza kwa nini." Kisha akainua mkono. Mzee mwingine akainua wake. Mwenyekiti alijikohoza kwanza, kama gari la asubuhi, halafu naye wa kwake ukapanda.

Simu ilianguka. Hyasinta aliona dari, akaona ubao wa meza, akaona zambarau tupu, akasikia Bibi Winifred akilia na kucheka kwa pamoja na akiita, "Paulina! Paulina! Shikamoo!"

"Marahaba, mama!" alijibu Mama, amesahau kabisa nani mkubwa hapo, na machozi yakamdondokea juu ya pindo la mteja.

Jioni hiyo Hyasinta alimhamisha Josiah folda. Ukurasa mmoja tu, kutoka SI WAO kwenda NI WAO, lakini aliutazama ukienda kama mtu anayesindikiza mgeni stendi. Kisha akakichukua cheti chake akatafuta bahasha safi, maana kesho ilikuwa zamu yake kwenye dirisha la ofisi ya vitambulisho, na safari hii hakuona kama ataudhika sana.

Mama alikuwa anakunja vitambaa. Alikohoa kidogo.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wa kwanza. Utamzalia wapi?"

"Mama! Mimi hata mchumba sina!"

"Nimeuliza mahali," alisema Mama, akizima taa ya cherehani. "Mtu sijamuuliza."